Siku Tuliyomgusa Mamba

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye makumbusho ya mji mmoja mkubwa, ambako siku hizi sisi tusioona tunaruhusiwa kushika vitu. Nilivishwa glavu za mpira, nikaongozwa kwa upole kana kwamba kitu cha kale ni mimi mwenyewe, kisha nikawekewa kigoda mikononi. Kijana aliyeniongoza akaniuliza, "Mama, unasikia nini?" Nikamjibu, "Nasikia glavu, mutoto yangu." Alicheka kwa adabu. Mimi nilicheka mpaka machozi, maana akili ilikuwa imesharudi Kalemie ya utoto wangu, mji wa kando ya ziwa, kwenye chumba kimoja cha vitu vya kale ambacho hakikuwa na glavu wala upole.

Chumba chenyewe kilikuwa katika nyumba kuukuu karibu na reli, na treni ikipita kila kitu ndani kilitetemeka. Darasa letu lilikuwa na watoto sita wasioona, na mwalimu wetu alikuwa amehangaika miezi mingi hadi tukakubaliwa kuingia na kugusa. Asubuhi hiyo alitunawisha mikono mara tatu kwa sabuni ya kipande, kisha akatunusa vidole mmoja mmoja, kwa sababu nusu yetu tulikuwa tumekula ndakala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga. Mimi nilirudishwa kunawa mara ya nne. Bibi yangu naye alikuwa ameniaga kwa onyo: "Mamba, ata akikufwa, usimupe mukono."

Mlinzi wa chumba, mzee aliyenuka tumbaku na mawese, alitupokea mlangoni. Alikuwa amesema maneno yaleyale kwa wageni miaka mingi, nayo yakamtoka yenyewe: "Karibuni. Munaangalia na macho tu, hakuna kugusa!" Mwenzangu mmoja akamjibu kwa heshima zote, "Papa, macho njo yenye tuliacha ku nyumba." Tuliangua kicheko, na mwalimu akakohoa sana ili asisikike akicheka.

Basi tukaanza kushika. Tulishika makasia, vinu na mitego ya samaki. Tulishika ngoma tuliyokatazwa kuipiga, tukaipiga. Mdogo wetu aliingiza kichwa katika mataya ya fuvu la kiboko. Kuingia kulikuwa rahisi, kutoka ilibidi avutwe miguu. Mlinzi alitufuata nyuma akihema, "Polepole, Mama Mwalimu, waende polepole!" Nilidhani anaogopa tutavunja vitu.

Mwishoni tukafika kwa mamba aliyekaushwa, amelazwa juu ya meza ndefu, kinywa wazi. Nilikuwa nimejigamba wiki nzima, kwa hiyo nikasukumwa mbele. Mgongo wake ulikwaruza kama ganda la nanasi. Nikamsahau bibi, nikapeleka mkono kinywani. Meno ya chini yalikuwa baridi na laini. Ya juu hayakuwa baridi, na kila moja lilikuwa na alama ndogondogo za kisu. Mimi ni mtoto wa seremala, mti naujua. Nikapaza sauti chumba kizima kisikie: "Mwalimu! Meno ya huku juu ni ya muti! Ya mupera!"

Nilisikia mlango ukifungwa kwa ufunguo, kisha mlinzi akaketi kwa kishindo. "Mama Mwalimu," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. "Mvua ilivuja, kinywa ikaoza ku juu, meno ikaanguka, panya wakabeba. Niliandika ku biro ya wakubwa mara tatu, hakuna jibu. Nikaogopa watasema meno niliuzisha ngambo ya ziwa, Kigoma. Njo nikachonga." Akavuta pumzi, halafu akaongeza kwa fahari kidogo, "Wakubwa wanapitaka hapa, wanaonaka hii meno, wanarudia nyuma!" Kumbe katazo lile la kugusa lilikuwa linamlinda yeye. Mwalimu alipeleka mkono wake mwenyewe kinywani mwa mamba, akakaa nao humo muda mrefu.

Kesho yake mkubwa wa biro, yaani ofisi ile, ambaye mlinzi alikuwa chini yake, alituma habari kwamba atakuja kuchukua karatasi za watoto, aone walichojifunza. Mwalimu alikuwa mtu wa "njia ya mwongo ni fupi", na fimbo yake ilikuwa ndefu. Akatuambia, "Andikeni yote muliyogusa, vile muliyagusa." Tukaandika kwa maandishi yetu ya nukta nundu, tukitoboa karatasi tundu moja baada ya jingine. Nami niliandika juu ya mti wa mpera huku nikilia, kwa sababu nilijua kila nundu inamfukuza yule mzee kazi. Domo langu ndilo lililoanza.

Mkubwa alifika, akapokea karatasi, tukamsikia akizigeuza huku na huku. "Na hii inasomwa wapi?" akauliza. Mwalimu akachukua yangu, akapitisha vidole, akasoma kwa sauti ya kanisani: "Mamba ana meno mengi na makali, na mlinzi wake anamutunza vizuri sana." Nilifungua mdomo niseme sikuandika hivyo, kiatu cha mwalimu kikatua juu ya mguu wangu na kubaki hapo. "Très bien," akasifu mkubwa, akagonga mhuri karatasi zote sita na kuondoka nazo. Nilipekuapekua sentensi ile siku nyingi nikitafuta uongo wake, sikuupata.

Mlinzi alifanya kazi mpaka uzee ukamtoa. Mwalimu tulimzika. Chumba kimefungwa na vitu vimetawanyika, na huyo mamba sijui yuko kwa nani. Karatasi zetu, kama zipo, zimelaliwa na mafaili mengine, na nundu zikikandamizwa miaka mingi hulala. Hata mimi leo nisingesoma kitu. Inaniuma. Yule mzee alichonga vizuri kuliko wengi wanaosifiwa, na alipaswa kukaa kimya ili ale. Siku ile nilipiga kelele nikamtia hofu. Leo hakuna wa kumfukuza, kwa hiyo narudia kwa sauti kubwa zaidi: meno ya juu yalikuwa ya mpera, na aliyachonga yeye.