Siku Nne za Lena na Pete za Nyanya

Babu alifika langoni Jumamosi jioni akitoka Kericho alikokuwa akichuma chai, koti limelowa, mkate umebanwa kwapani. Nyanya akatoka jikoni kumpokea. Babu alimtazama usoni, akatazama chini, akasimama palepale kwenye matope. Vifundo vya miguu ya Nyanya vilikuwa vitupu. Mahali pete za chuma zilipokaa tangu harusi yao, ngozi ilikuwa imepauka, laini kama ya mtoto mchanga. "Kumbe mimi nimekufa," Babu akasema polepole, "na hakuna aliyeniambia." Akauweka mkate juu ya jiwe, akageuka, akaifuata barabara aliyokuja nayo. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama mlangoni na maji yake ya kunawa.

Kwetu Gusii pete hizo tunaziita ebitinge. Mke huvishwa harusi ya kimila inapokamilika, na hazitoki mguuni mume akiwa hai. Kuzivua ni kumtangaza maiti. Nyanya alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na aliyemvua ni Nyaberi, kitindamimba wake, baba yangu mdogo. Namtaja kwa jina kwa sababu miaka yote hii watu wanasema tu "ile bahati mbaya ya mama". Haikuwa bahati.

Mwaka ule miaka ya sabini ilikuwa ndiyo inaanza. Mji wa Kisii, kule juu walikojenga Wazungu nyumba zao za mawe, ulikuwa bado unanuka mikaratusi iliyonyeshewa na moshi wa kuni. Mvua ilikuja kila alasiri, unaisikia kwanza kwenye mabati ya jirani. Sisi tulikaa Nyakoe, na siku za soko nilipanda mjini na Nyanya kuuza ndizi. Mama yangu alikuwa amefariki, nililala mgongoni mwa Nyanya, na harufu ya siagi aliyojipaka ndiyo iliyonitia usingizi. Siku moja ya soko tukamkuta Lena, msichana wa Kizungu, ameketi kando ya njia na begi mgongoni kubwa kuliko mimi, amevua kiatu, kisigino kimechubuka hadi nyama. Yeye na mwenzake walikuwa wanatembea nchi kwa miguu, wamepanga chumba mjini kwa siku nne.

Nyanya aliweka chini kikapu. "Huyu mtoto mama yake yuko wapi, mono, wapi hasa?" akauliza, kana kwamba mimi ningejua. Tukaja naye nyumbani. Akamkanda kwa maji ya vuguvugu, akampaka siagi, akamfunga kwa kitambaa. Lena alirudi kesho yake na keshokutwa, ingawa kisigino kilishaanza kupona. Hawakuelewana hata neno. Lena alimenya ndizi vibaya, Nyanya akacheka mpaka akashika mbavu: "Huyu ataolewa na nani?" Lena naye akacheka bila kujua anachekwa. Sijawahi kuona watu wawili wakipendana upesi hivyo. Siku ya tatu Lena aliinama, akagusa zile pete kwa kidole, taratibu, akasema kitu kwa Nyaberi.

Nyaberi alikuwa karani wa duka mjini, Kiingereza alikijua. Alimwambia Nyanya, "Mama, huyu baba yake ni daktari. Anasema hivi vyuma ndivyo vinakuvimbisha mguu. Vitoke siku mbili tu, uvimbe ushuke, nikuvishe tena."

"Na Omogaka akija?"

"Baba nitamweleza mimi. Mimi si mwanao?"

Mguu ulikuwa umevimba kweli. Nyanya akaunyoosha. Nyaberi akashika koleo, akazipanua moja moja, na Nyanya alikuwa amefumba macho. Kesho yake asubuhi Lena na mwenzake wakapanda basi. Pete zikaenda nao. Nyaberi akabaki na buti za yule mwenzake.

Babu alirudi Jumapili na wazee wawili. Akamuuliza, "Nyaberi, mama yako anasema ni wewe." Nyaberi alitazama buti zake, akajibu, "Mambo ya wanawake mimi nayajulia wapi?" Wakamwamini, na Nyanya akaingia ndani. Alifunga nguo zake, tukaenda Nyaramba kwa dada yake. Shule yangu iliishia darasa la tatu.

Baadaye ikaja barua ya Lena kupitia shule niliyoiacha Nyakoe, na aliyekuwa mwalimu wangu akatuletea na kutusomea. Lena alishukuru kwa zawadi ya pete. Mwanao aliniambia, aliandika, kwamba mama wa Kigusii humpa pete hizo msichana anayemchukua kuwa binti. Nyanya aliomba isomwe tena. "Kale katoto hakana kosa," akasema. Nikamwambia tuipeleke kwa Babu. Akanijibu, "Nimshtaki kwa karatasi mtoto niliyemzaa?" Akafa hivyo, akazikwa Nyaramba, kwenye boma la shemeji yake, kama mgeni. Babu amelala Nyakoe, na nafasi ya kando yake iko wazi.

Siku hizi Kisii ni maghorofa, mikaratusi mingi imekatwa, na wageni wanashuka garini na visigino vizima. Ebitinge nimeziona dukani zimetundikwa kama mapambo. Nyaberi ni mzee wa kanisa, anakaa mstari wa mbele, na juzi nimesikia amewaonyesha wanawe mahali anapotaka kuzikwa: pale pale, kando ya Babu.

Baba mdogo, hapo pana mwenyewe. Barua ninayo. Wanao na ndugu zako wote wakikutana Nyakoe, simama uwaambie nani alishika koleo na alimwambia mama yake nini, ili tukamlete Nyanya alale kwa mumewe. Mimi nimengoja tangu nina miaka tisa. Utasema lini?