Mchezo Uliokwama Langoni

Wifi yangu ndiye aliyeniambia kwanza kuwa sokoni Darajani umeingia mchezo mpya wa video, wa wachawi na mazimwi. Nikamnunulia binti yangu, aliyevunjika mguu na haendi skuli. Muuzaji aliijaribu sidii ya mchezo mbele yangu kwa dakika mbili. "Umeona, bibie? Nshakujaribia, usinirudishie."

Nyumbani tuliuona mzuri ajabu. Binti alichagua shujaa wa kike mwenye upanga, akavuka msitu. Kufika lango la mji, picha ikaganda. Tukaanza upya mara tatu, ikaganda pale pale.

"Mama, ndani ya mji kuna nini?" akauliza. 

Nikairudisha sidii. Muuzaji akacheka: "Si uliiona hapa hapa, kwa macho yako?" Nikaona haya, nikaondoka.

Ndivyo tulivyozoea dukani: balbu ikiwaka, redio ikisema, tunalipa. Lakini hadithi ya mchezo ni kama mchumba, haijulikani kwa dakika mbili za mwanzo.

Asubuhi yake nilirudi, nikaomba kuijaribu tena. Nikakaa kwenye kibao, wateja wakinitazama, nikacheza mpaka langoni, picha ikaganda mbele yao wote.