Nani Alitunga Shairi la Mtoto wa Njiani

Mpaka leo nikimsikia mwalimu yule redioni, ninazima.

Shairi analojisifia ni la mama yangu. Alilitunga kambini Tanzania, akimlilia mdogo wangu aliyetufia njiani tulipokuwa tunakimbia, tukamzika kando ya barabara na kuendelea kutembea. Mama hajui kuandika. Alilisema huku akitwanga muhogo, wanawake wenzake wakalishika, na tuliporudi Burundi tukarudi nalo. Sasa Rumonge, Minago, mpaka kule Kabonga, hakuna matanga yanayoondolewa bila kusomwa shairi hilo. Mwalimu akalitia kitabuni, na picha yake juu, kafunga tai.

Nilipolalamika watu walinicheka. Eti mutu asiyejua hata kushika biki atatoa wapi maneno mazito hivyo? Hata shangazi yangu, aliyelala hema moja na sisi, aliniambia ninyamaze, nisimwaibishe mtu msomi. Watu wana roho ngumu, jamani.

Mama wala hakutaka sifa. Alitaka kitu kimoja tu: desturi ya kambini isife. Shairi likiisha, wote husimama kimya kidogo kwa ajili ya yule mtoto, kwa sababu hana kaburi tunaloweza kulitembelea. Kwa mama, hayo ndiyo mazishi yake.

Halafu jirani yetu akaondoa matanga ya mumewe, na mwalimu akaalikwa kama mgeni rasmi. Akasoma kwa sauti ya kujisikia, ananyoosha vidole, anafumba macho. Sijawahi kuona uso mkavu kama ule. Alipomaliza, watu wakaanza kuinuka kama kawaida. Akawapungia mkono.

"Kaeni, ndugu zangu. Huyo mtoto hakuwepo. Nilimbuni tu, ni mfano wa roho ya mwanadamu."

Watu wakakaa, wengine wakatikisa kichwa kwa kustaajabia akili yake. Mimi na mama tukabaki tumesimama. Nilitaka kumjibu kwa ukali, lakini mama aliniwahi, akamshukuru taratibu kwa Kirundi, kwa adabu zake zote:

"Murakoze, mwalimu. Kama hakuwepo, mimi nilizika nani?"

Nikadhani leo kapatikana. Mwalimu akatabasamu, akawageukia watu.

"Mnaona shairi linavyomgusa mtu?"

Wakapiga makofi. Mama akakaa.