Gauni la Kazi la Mama

Walimwita Bi Pini, kwa kuwa pini hazikukosekana mdomoni mwake wala kwenye kola yake. Miaka kumi na mmoja alikuwa ndiye mwenye chumba cha mavazi cha tamthilia inayorushwa kila Jumamosi jioni, chumba kisicho na dirisha, kinachonuka jasho la mastaa wasiopenda maji. Makoti ya matajiri wa uongo yalimrudia yameganda chumvi kwapani na poda shingoni. Aliyapokea kwa vidole viwili, akiwalaani kimoyomoyo wenyewe, kisha akayafua.

Lakini kazi yake aliijua. Alimpa mwizi viatu vya kumbana, naye akanyata bila kufundishwa na mtu. Alimtilia tajiri mawe mifukoni, koti likamvuta, akaanza kutembea taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Alimng'olea mgane kifungo kimoja tu cha shati, na watazamaji wakatoa machozi kabla hajafungua kinywa. Sifa walipata waigizaji, yeye akapata marundo ya nguo chafu.

Basi ikaandikwa hadithi ya mfanyakazi wa ndani. Bi Pini hakwenda mbali kutafuta vazi. Mama yake mzazi alifanya kazi hiyo kwenye nyumba za watu miaka ishirini na sita, na gauni lake la mwisho, la buluu lenye kola nyeupe, lilikuwa bado sandukuni. Mama alikuwa mtu wa pasi. Hata siku za mvua aliingia kazini gauni limenyooka, na waliomwajiri ndio waliomfungulia mlango na matongotongo.

"Chukua," mama alimwambia. "Ila lirudi kama lilivyotoka."

"Litarudi, mama."

"Jumamosi nitawaita majirani. Waone gauni langu kwenye runinga."

Siku ya kurekodi, mwongozaji, kijana wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, alimzunguka binti mwigizaji aliyevaa gauni lile, akakunja uso.

"Huyu mtumishi au nesi?"

"Mfanyakazi wa ndani," alisema Bi Pini. "Ndivyo wanavyovaa."

"Nani atamwonea huruma hivi? Mchafue."

"Nimchafue ya nini? Kwani nyumba ya tajiri haina maji?"

Watu wakacheka. Mwongozaji hakucheka. Mezani palikuwa na sahani ya mabaki ya jana, mafuta yaliyoganda na majivu ya sigara. Alichovya vidole humo, akapaka tumboni mwa gauni, halafu, kwa kuwa vidole vilikuwa bado vinateleza, akajifutia kwenye kola.

"Sasa ndiyo mtumishi."

Uchafu ule wenyewe haukuwa kitu kwa Bi Pini, angeufua. Kilichomtia kinyaa ni zile kucha zilizokatwa vizuri, zikijipangusa kwenye kola ya mama yake kama kwenye tambara la jikoni. Na baya zaidi, binti alikuwa ameshabadilika. Mabega yamemlegea, kichwa chini, anajikuna, na hakuna aliyemwambia ajikune. Nguo ilikuwa imefanya kazi yake, na Jumamosi mama angekaa mbele ya majirani aione.

"Vua, mwanangu," alimwambia binti, akamrushia koti la tajiri ajisitiri.

"Tunaanza sasa hivi!" mwongozaji alifoka.

"Hamuanzi."

Alijifungia chooni, akalifua kwenye sinki kwa sabuni ya mche, akisugua kama anayemsugua mtu. Nje mlango uligongwa kwa ngumi.

"Nitatafuta mwingine!"

"Mtafute! Mwambie pia mawe ya tajiri yapo kwenye ndoo!"

Alilipiga pasi likiwa bichi, mvuke ukimchoma uso. Binti alipolivaa tena, mgongo ulimnyooka wenyewe. Katika onyesho lile mama mwenye nyumba alitakiwa kumpiga kofi. Aliinua mkono, akakutana na kola nyeupe na macho yasiyotazama chini, na mkono ukabaki hewani. Mwongozaji hakusimamisha kamera. Alijua amepata nini, mshenzi yule, na kesho yake aliwasimulia watu kuwa lilikuwa wazo lake.

Jumamosi majirani walijaa sebuleni, mama mbele kabisa kwenye kiti chake. Mkono ulipoganda hewani, watu walipiga makofi na vigelegele. Mama hakupiga. Alikuwa ameinama kuelekea kwenye runinga, akitazama pembeni mwa kola, mahali ambapo mafuta yalikuwa yameacha kivuli kidogo cha vidole ambacho hakuna mwingine aliyekiona.

"Nani amejifutia vidole kwangu?" aliuliza.

Bi Pini aliuvuta karibu mfuko wenye gauni.

"Nimefua uchafu wa watu miaka ishirini na sita," mama alisema polepole. "Hakuna aliyewahi kujifutia kwangu. Lilete."

Bi Pini alilitoa kwenye mfuko. Mama aliligeuza gauni, kola juu ya magoti, akaipa runinga mgongo, akaanza kuisugua ile kola kwa kidole gumba. Majirani walikuwa bado wanapiga makofi.