Wavuvi Wasio na Chombo

Mwaka wangu wa kwanza Amu nilikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya uvuvi. Nilitakiwa kuiagiza kompyuta ijumlishe mavuo ya kila kijiji, ya kila aina ya chombo, kisha ya kila chombo ndani ya kila kijiji. Jedwali hilo lingesomwa kikaoni, ndipo ijulikane nani wapewe viti katika kamati ya kulinda miamba.

Asubuhi ya kikao aliingia bibi mmoja kutoka Kiwayu, mmoja wa wanawake wanaovua pweza. Aliinamia karatasi yangu kwa muda mrefu.

"Mwanangu, sisi tuko wapi hapa?"

Chini ya Kiwayu kulikuwa na mashua na madau, basi.

"Labda hamkuleta kitu," nilisema, nikajuta papo hapo.

"Tumeleta kila bamvua, maji yanapokupwa sana. Ni wewe uliyekuwa ukiandika."

Nilifungua kumbukumbu. Pweza wao walikuwamo wote. Lakini wanawake hao huenda mwambani kwa miguu, mkononi mkonjo wa kuchomea pweza, kwa hiyo safu ya chombo nilikuwa nimeiacha tupu. Kumbe programu huutupa kimyakimya kila mstari wenye pengo.

Mkubwa wangu alichungulia mlangoni. "Zimebaki dakika ishirini. Tutasoma hivyo hivyo."

"Bwana, makosa ni yangu."

"Basi yabaki yako, yasiwe ya ofisi." Akaondoka.

Nilimgeukia bibi. "Niwaandikie chombo gani?"

"Hatuna chombo. Ndia yetu ni maguu."

Nikajaza "kwa miguu" kila palipokuwa patupu. Mara ya kwanza programu ilikataa. Mara ya pili jedwali likatoka, na kwa Kiwayu jumla ya waendao kwa miguu ilizidi ya mashua.

Nilipofika kikaoni mkubwa alikuwa ameshaanza kusoma. Nilipita mbele ya watu wote nikamwekea karatasi mpya juu ya ile ya zamani. Alinitazama. Kisha akaanza kusoma upya, tangu mstari wa kwanza.

Wanawake walipewa kiti kimoja. Bibi alidai viwili, wakabishana mpaka adhana ya adhuhuri, na kiti kikabaki kimoja. Mkubwa hakuitikia salamu yangu wiki nzima. Nami niliendelea kumsalimu kila asubuhi, kisha nikikaa mezani kukagua mapengo katika kumbukumbu.