Dadu Hairudi Mu Nyumba Yangu

Mu nyumba yangu, hapa Rumonge, vita inapiganwa bila dadu. Hiyo sheria niliiweka mimi.

Ni vita ya muchezo wa mezani. Niliununua kwa soko, mitumba: karte, ramani ya dunia, imepasuka katikati, na askari wa plastiki. Sheria zake ziko mu Kifaransa. Nilizisoma mwenyewe, neno kwa neno. Shule ya jioni haikuwa bure.

Binti yangu mukubwa alipanga askari wake siku tatu. Mudogo wake alibakiwa na wawili tu. Akarusha dadu: sita. Tena sita. Tena sita. Jeshi la mukubwa likaisha. Akakunja karte.

"Mama, sasa kufikiri kunasaidia nini?"

Iliniuma. Mie nilianza kusoma niko na watoto wanne. Mutoto wangu wa kike ajifunze kwamba kichwa haina kazi? Hapana! Na dini yetu inakataza dadu. Nikaenda kuzitupa mu ziwa, nikarudi na kokwa za michikichi.

Anayeshambulia anaficha mu ngumi kokwa moja, mbili ao tatu. Anayelinda anataja ngapi. Akipatia, mwenzake anapoteza askari. Akikosa, anapoteza yeye. Bahati bado iko, lakini lazima umujue adui yako.

Shemeji yangu, mudogo wa bwana yangu, akatukuta baada ya alasiri.

"Ee! Mama wa swala tano amefungua kamari!"

"Pesa iko wapi, shemeji? Dadu iko wapi? Kaa ucheze."

Akakaa, anacheka. Akamushambulia binti yangu mukubwa.

"Tatu," binti akasema. Ngumi ikafunguka: tatu. Tena tatu. Mara ya tano, tatu.

"Baba mudogo, weye unapenda vikubwa tu!"

Jasho likamutoka. Alibakiwa na askari wawili. "Hii ya kokwa ni mambo ya wanawake! Leteni dadu!"

"Dadu gani, shemeji? Ile ya haramu?"

Akaangalia mulango. Akashusha sauti. "Mara moja tu."

"Iko mu ziwa. Unajua kuogelea?"

Binti yangu hakungoja. "Ficha, baba mudogo."

Akachukua kokwa, akazirudisha, akachukua tena. Akakaa na ngumi yake, uso umekunjika.

Binti akaniinamia mu sikio. "Mama, ona. Anafikiri."