Kunguru Hakuligusa Tonge la Mathura

Trimbak Joglekar alikuwa mtu wa maneno mazuri, na maneno mazuri ndiyo yaliyomponza. Alipostaafu ukarani wa kiwanda cha sukari alirudi hapa Wai, akakaa barazani kwake karibu na mto Krishna, na kila aliyepita na shida yake aliondoka na fundisho. Aliyefiwa aliambiwa mwili ni nguo tu. Aliyefukuzwa kazi aliambiwa atende wajibu wake, matunda amwachie Mungu. Mume wangu alipoibiwa baiskeli, Trimbak alimwambia hakuna kitu duniani kilicho chetu. Mume wangu alinuna wiki nzima, maana baiskeli ilikuwa yake.

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, na mkewe Mathura alikuwa shoga yangu. Alipoletwa hapa bibi harusi alikuwa na hamu zake kama binti yeyote. Alitaka bangili za kijani za kioo. Alitaka kwenda kwao Kokani, pwani, mvua zinapoanza. Trimbak hakuwahi kumfokea, hilo namtendea haki. Alimjibu kwa upole kila mara: "Mathura, tamaa ni moto. Ukiutilia samli, utazimika?" Vitunguu vya aina zote navyo vilipigwa marufuku jikoni, kwa kuwa eti huamsha tamaa mwilini. Miaka ikapita, Mathura akaacha kuomba. Basi Trimbak akaanza kutamba barazani.

"Mimi nasoma tu," alikuwa akisema. "Mke wangu ndiye aliyefika. Hana analolitaka."

Mathura alifariki mwaka huu, kabla ya mvua, kwa homa ambayo wote tulidhani ni ndogo. Siku ya kumi wanaume walishuka mtoni kumwekea matonge ya wali. Kunguru akila, tunajua marehemu ameondoka ameridhika. Asipokula, kuna jambo lililobaki moyoni mwa marehemu, na walio hai hulitafuta na kumwahidi mpaka ndege ashuke. Wanawake wa mtaa wetu hatuendi. Haya nimesimuliwa na mume wangu.

Kunguru walikuwa wamejaa ukutani. Matonge ya familia iliyokuwa kando yao yaliliwa upesi. La Mathura walilitazama tu.

"Mama, baba nitamtunza," akasema mwanawe, Sharad. Hakushuka hata mmoja.

"Dada, shamba la kwetu sitaliuza," akasema Keshav, ndugu yake Mathura. Kunguru mmoja alirukaruka akasogea, akageuza shingo, akaenda zake.

Jua likapanda. Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba hata kunguru wa kwa Trimbak wameshinda tamaa, na watu wakajikohoza kuficha kicheko. Kuhani naye akachoka.

"Bwana Trimbak, mke ni wako. Alikuwa anataka nini?"

"Mathura hakuwa na tamaa."

"Alikwambia lini, shemeji?" Keshav akauliza.

"Hakuniambia. Lakini hakuwa akiomba kitu."

"Na wewe ulimuuliza lini?"

Trimbak akachuchumaa mbele ya lile tonge, akaanza kuahidi. "Nitakupeleka Kokani, Mathura. Mvua zikianza tu, tunakwenda." Akaahidi bangili. Akaahidi mpaka sauti ikakauka, na kunguru hawakushuka. Mwishowe kuhani akasuka kunguru wa nyasi, kama inavyofanywa mambo yakishindikana, akaligusisha tonge kwa mdomo ule wa nyasi. Wakaoga, wakarudi nyumbani.

Mvua zilipopungua ukafika ule msimu tunapowapikia wafu wetu vyakula walivyovipenda. Asubuhi ya zamu ya Mathura, Trimbak akaja mlango wangu wa nyuma, ana unga mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji Sulabha, Mathura alikuwa anapenda kula nini?"

"Umeishi naye wewe, unaniuliza mimi?"

"Alikuwa ananipakulia mimi kwanza. Yeye alikula baadaye, huko jikoni." Akatazama chini. "Sijawahi kumwona akila."

Nilikuwa nimemwekea hasira miaka mingi, na siku ile nilikuwa na nafasi ya kuitoa yote. Lakini aliyesimama mbele yangu alikuwa mzee mwenye unga usoni.

"Alikuwa anakuja hapa mchana ukilala," nikamwambia. "Anakula mkate wa mtama na chatini ya kitunguu saumu na pilipili nyekundu. Anaitwanga mwenyewe, saumu tele. Halafu anatafuna iliki, usije ukamnusa."

Nilidhani atawaka. Chakula cha wafu hakitiwi kitunguu saumu, mtoto mdogo analijua hilo, sembuse Trimbak.

"Kinu kiko wapi?" akauliza.

Alitwanga vibaya, nusu ikaruka sakafuni. Tukaweka mkate na chatini ukutani, tukakaa kungoja, maana siku hiyo hakuna anayekula kabla ya kunguru. Jua likapita utosini. Najua njaa ilimuuma sana, kwa sababu hakuwa amezoea kungoja mwingine ale kwanza.

Kunguru akatua. Akamega, akameza, akarudia.

"Amekula," nikasema. "Umemwona?"

Hakuwa akimtazama kunguru. "Alipokuwa akija hapa, alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anasema nisikwambie, utamhubiria. Halafu anacheka mpaka pilipili inampalia."

"Mathura? Alikuwa anachekaje, shemeji?"

Nikajaribu kumwigiza. Nikajaribu tena, naye amenikazia macho, anangoja. Kila mara kilitoka kicheko changu.